Mdomo wa Kuazima

Mwanangu alianza kufundisha Kiingereza katika chumba kilekile ninachoshonea mito, kwa sababu ukiacha kile cha ndani cha kulala, chumba kingine hatukuwa nacho. Mimi nakaa upande wa dirisha na magunia yangu ya sufi, yeye anasimama upande wa mlango na ubao wake mdogo, na watoto wa watu wanakaa katikati, kwenye mkeka, sufi ikiwatua kichwani kama mvi. Jirani yetu fundi viatu akipita huchungulia na kuwaambia, "Shikamooni, wazee." Watoto hucheka mpaka somo linaharibika.

Huyu binti tunamwita Chiriku. Jina alipewa na marehemu baba yake, maana alipoanza kusema hakunyamaza tena. Ukimtuma kwa jirani kuomba chumvi, alirudi na chumvi na kila neno alilolisema jirani, pamoja na sauti ya jirani na jirani alivyoshika kiuno.

Somo lake la kupendwa lilikuwa kuhamisha maneno ya mtu. Mtu akisema neno kwa mdomo wake, hiyo wanaiita kauli halisi. Mwingine akija kulisimulia, hiyo ni kauli ya taarifa, na hapo Kiingereza hakikubali neno libaki lilivyokuwa. "Mimi" inakuwa "yeye." "Hapa" inakuwa "pale." "Leo" inakuwa "siku ile." Na "naumwa" inarudishwa nyuma, inakuwa "alikuwa anaumwa." Shule yangu iliishia ya msingi, na Kiingereza changu hakikuvuka salamu, lakini kanuni hizo nilizishika kwa masikio huku mikono ikijaza mito.

Siku moja nilinyoosha mkono kama wenzangu wa mkekani.

"Mwalimu, samahani."

"Sema, mwanafunzi wa dirishani."

"Huyo mtu alisema anaumwa leo. Mmemhamisha, sasa alikuwa anaumwa siku ile. Amepona saa ngapi?"

Watoto wakaangua kicheko. Chiriku akajifunika uso kwa daftari. "Hajapona, Mama. Ni kanuni tu."

"Basi Kiingereza kina dawa kali."

Kanuni hizo ndizo zilizompatia nafasi ya majaribio hospitalini. Hospitali iliyo nyuma ya soko ilikuwa inapokea madaktari wageni, wanakuja kwa zamu, huyu wa macho, huyu wa mifupa, na Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Wakatafutwa watu wa kukalimani. Chiriku akafanya mtihani wa kuandika akawapita wote. Alirudi nyumbani anakimbia, nami nikaweka mto chini nikapiga magoti nikashukuru, sufi ikiwa bado mikononi.

Lakini kuandika ni kuandika, na chumba cha daktari ni chumba cha daktari. Msimamizi wao alikuwa nesi mstaafu, wote wanamwita Sista, mwanamke wa viatu visivyotoa sauti. Siku ya kwanza aliwapanga ukutani akawaambia, "Mkalimani hasimulii. Mgonjwa akisema 'mimi,' na wewe sema 'mimi.' Daktari akisema 'mimi,' na wewe vilevile. Mle ndani wewe hupo. Wewe ni mdomo wa kuazima."

Hapo ndipo mwanangu alipokwama. Kila alipofungua kinywa, kilitoka "alisema kwamba."

"Mama, leo nimeaibika," aliniambia jioni ya wiki ile, anavua viatu. "Kaja mzee mmoja, umri wa babu, mvi mpaka kwenye nyusi. Akasema, 'Haja ndogo inanibana kila mara, na safari nyingine sifiki.' Mimi nikageuza: alisema kwamba yeye haja ndogo ilikuwa inambana, na kwamba alikuwa hafiki. Daktari akanitazama, akamtazama mzee, akatazama mlango. Akauliza, 'Huyo mgonjwa mwingine yuko wapi? Mwambieni aingie.'"

"Makubwa!"

"Sista akatoka nje kumalizia kicheko, akarudi amekunja uso. Sasa mimi ningesemaje, Mama? Mtu mzima yule, halafu mimi binti wa juzi niseme 'mimi sifiki chooni'?"

Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikanishika kisiniachie. Nikageukia dirishani. "Sufi imenipalia," nikasema.

Haikuwa sufi ya siku ile. Kifua kilikuwa kinanibana tangu mvua za mwaka uliopita, na Chiriku hakujua, kwa sababu nilihakikisha hajui. Yeye analala chumba cha ndani, mimi nalala pale kwenye mito. Nilijua mwanangu alivyo. Angejua siku hiyo, siku ya pili yake angekuwa amerudisha kitambulisho cha hospitali na kushika sindano yangu. Nikasema moyoni, acha kwanza athibitishwe kazini, mengine tutayatazama. Na katika sala zangu nililipita jambo hilo haraka haraka, kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Wiki iliyofuata Sista alimwita pembeni. Hakumgombeza. Alimwambia, "Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu, na wagonjwa wanakupenda. Lakini daktari hawezi kumtibu 'yeye alisema.' Alhamisi nitakaa chumbani nawe, mwanzo mpaka mwisho. Ukisimulia tena, binti yangu, urudi kwenye ubao wako."

Basi tukafanya mazoezi nyumbani. Tulimkamata fundi viatu awe daktari. Alikuja na aproni yake inayonuka gundi, akakaa kwenye stuli, akashusha miwani mpaka puani.

"Mimi daktari," akasema. "Kiingereza changu ni 'yesi' na 'noo,' lakini vinatosha kuponya."

"Mama, wewe mgonjwa. Anza."

"Daktari," nikasema, "goti langu linalia kama mlango mbovu."

Chiriku akageukia stuli, akavuta pumzi, na nikalisikia. Neno "alisema" kwa Kiingereza nalijua kuliko njia ya sokoni, nimelisikia miaka mitatu.

"Umesimulia."

"Nimesimulia," akasema, akakaa chini kwenye mkeka pale wanapokaa wanafunzi wake. "Linatoka lenyewe."

"Kwa nini?"

Alichomoa nyuzi za sufi kwenye sketi yake. "Nikisema 'mimi,' naona kama najiitia ugonjwa wa mtu. Tena naona kama nimemvua nguo nikazivaa. Nikisema 'alisema,' nakuwa nimesimama mlangoni. Nachungulia tu."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa yuko ndani."

"Peke yake."

Nikamwambia, "Mimi sijui kukalimani. Lakini nikikuombea wewe, sisemi, 'Mungu wangu, kuna binti mmoja alikuwa na shida.' Nasema, 'Tusaidie.' Najitia humohumo. Wala sijawahi kuona shida yako imeniambukiza kwa sababu ya kusema hivyo."

"Amina," akasema fundi viatu. "Haya, aletwe mgonjwa mwingine. Lile goti limeshapona, nimelitibu kwa 'yesi.'"

Tukaendelea. Nikawa mwenye jino, nikawa mwenye mgongo, nikawa mama wa mtoto asiyenyonya. Hapo katikati, nikiwa mama wa mtoto, kifua kikanibana na kikohozi kikaja, kirefu, kile cha kuinama.

"Na hicho nacho ni cha maigizo?" akauliza fundi.

"Cha maigizo," nikasema, nikijifuta macho.

Chiriku akafurahi. "Mama, umeigiza vizuri!" Akageukia stuli akaliweka kwa Kiingereza, bila "alisema," moja kwa moja, mimi nina kikohozi, mimi kifua kinanibana. Akapiga makofi. "Mmesikia? Nimeweza!"

Nikampigia makofi na mimi. Fundi viatu hakupiga. Alikuwa amepandisha miwani yake, ananitazama mimi.

Kesho yake Chiriku alipokwenda kazini, akaja na kiatu mkononi kama mtu anayepita tu.

"Mama Chiriku. Mficha maradhi..."

"Usinimalizie. Methali naijua."

"Na mimi naijua, ndiyo maana nauogopa mwisho wake." Akakaa kizingitini. "Mimi nashona viatu vya watu, nasikia watu wanavyopumua wakivivaa. Wewe unapumua kama wanaopanda mlima, na umekaa. Jumatano anakuja daktari wa kifua, anakaa siku moja tu. Nenda."

"Chiriku je?"

"Jumatano Chiriku hana zamu. Yupo mkalimani mwenzake, yule mwanamume. Mwanao hatakuona."

Nilitafuta sababu ya kukataa, nikaikosa. Jumatano asubuhi nilimkuta Chiriku anapiga pasi sketi yake ya Alhamisi, anaongea peke yake kwa Kiingereza. Nikamwambia natoka. Hakuuliza naenda wapi, na sikumwambia. Hilo nalo nilikuwa nimelipangia: akiuliza, nitasema kweli. Hakuuliza.

Benchi la wagonjwa lilikuwa refu na tulisogea matako kwa matako mpaka mlangoni. Nilipoitwa nikajitanda mtandio vizuri, nikasema bismillahi yangu kimoyomoyo, nikaingia.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mikono yake safi sana, mezani amepanga vitu vyake mstari mmoja. Nyuma pembeni alikaa Sista. Na kwenye kiti cha katikati, sketi ya Alhamisi imenyooka kama ubao, alikaa Chiriku.

Tulitazamana. Baadaye nilijua kwamba yule mwanamume aliamka na jino, uso umevimba, na Chiriku aliitwa kwa simu nyuma yangu, akapitia mlango wa wafanyakazi.

"Mama?" akasema.

Sista akasimama. "Mnahusiana?"

"Ni mwanangu," nikasema.

"Hapo pana tatizo. Kanuni inakataza ndugu. Ndugu anaficha, ndugu anaongeza." Akatazama benchi kupitia mlango, akanitazama mimi. "Mama, samahani sana. Mkalimani mwingine leo hatuna, Kiingereza changu mimi hakitoshi kwa kazi hii, na daktari anaondoka jioni. Labda mwezi ujao."

Nikasema haidhuru, nikashika kitasa. Nitasema ukweli, miguu yangu ilikuwa na furaha. Lakini nyuma yangu nikasikia sauti, na si ya kuomba.

"Akae, Sista. Nitaweza."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

Sista alifikiri. Kisha akavuta kiti chake mbele, karibu kabisa na cha Chiriku. "Humu ndani huna mama. Ukianza tu 'mama yangu amesema,' nasimamisha, na yetu yanaishia hapohapo. Na wewe mama, usimtazame yeye. Mtazame daktari. Yeye hayupo."

Nikakaa. Nikamtazama daktari. Daktari akasema maneno yake, na sauti ya mwanangu ikayaleta: "Habari, mama. Mimi ni daktari wa kifua. Unasumbuliwa na nini?"

"Kikohozi kidogo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Siku mbili tatu. Ni vumbi tu la kazi."

Nikasikia Chiriku anavuta pumzi ili ayaseme. Na hapo moyo wangu ukagutuka. Mimi kumnyamazia mwanangu ni langu, nitaulizwa mimi. Lakini haya nilikuwa nayatia kinywani mwake. Angefungua mdomo wake msafi na kusema "mimi nakohoa siku mbili tatu," na ungekuwa uongo, na ungekuwa wake, mbele ya msimamizi wake, anapopimwa. Mtoto niliyemchapa akiwa mdogo kwa sababu ya uongo wa kipande cha sukari.

"Ngoja," nikasema. "Nimesema vibaya. Naanza upya."

Naye, maskini, akaligeuza na hilo. Nililisikia likienda kwa Kiingereza, ngoja, nimesema vibaya, na daktari akatikisa kichwa kwa upole, akaweka kalamu chini.

"Nakohoa tangu mvua za mwaka jana," nikasema. "Usiku siwezi kulala chali, nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Kikinizidi nabana mto mdomoni mwanangu asisikie. Ngazi za mlangoni kwetu napumzika katikati, najifanya natafuta ufunguo. Sikuja mapema kwa sababu naogopa. Kufa siogopi sana, nina pa kwenda. Naogopa mwanangu akijua ataacha kazi yake aje ashone mito. Na mimi sikumlea ashone mito."

Nikaishia hapo.

Nilitamani kugeuka nimwone, lakini niliambiwa nisigeuke. Nikasikiliza. Kwa Kiingereza "mimi" ni herufi moja tu, imesimama wima kama sindano, na hata mimi naijua. Nikaisubiri. Sista akainua kichwa.

Ikaja. Kisha ikaja tena, na tena, sauti yake imeshuka lakini haitetemeki, anakwenda taratibu kama mtu aliyebeba beseni lililojaa. Alipofika kwenye mto nilijua amefika kwenye mto, kwa sababu alisimama kidogo, akaendelea. Alipofika mwisho nikasikia neno la binti, nalo nalijua. Alikuwa anasema "binti yangu." Binti yangu ataacha kazi yake. Na binti mwenyewe ndiye yeye.

Daktari aliinuka akanizunguka, akaweka chombo chake cha baridi mgongoni, pumua, usipumue, geuka. Mapafu yangu aliyasikiliza kwa muda mrefu. Alipokaa tena aliniangalia machoni, akasema yake, na sauti ya mwanangu ikayaleta nayo, ila sasa ilikuwa sauti yenye amri.

"Mama, sitakuficha. Mapafu yako yamechoshwa na vumbi la sufi. Umechelewa, lakini hujachelewa sana. Nitakupa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na utakuja kupigwa picha ya kifua. Kuanzia leo nakukataza kugusa sufi. Hata kwa kidole. Hata ya kuokota mkekani, uiache. Umenielewa?"

Maisha yake yote Chiriku hajawahi kunikataza kitu. Nikamtazama daktari, nikamtazama Sista.

"Hayo yote kayasema daktari?"

"Ya dawa, ya picha na ya sufi, ndiyo," akasema Sista. Akakohoa kidogo. "Ya kidole na ya mkekani sikuyasikia kwa Kiingereza."

Chiriku akatazama sakafu. Daktari akauliza kitu, Sista akamjibu, na yule mwanamke mwembamba akacheka, akasema maneno machache.

"Anasema ya kidole yamempendeza, yabaki," akatafsiri Sista, kisha akajishika mdomo. "Tazama, sasa na mimi nimesimulia!"

Nilipotoka Sista alinifuata mpaka kwenye ukumbi. "Kuongeza ni kosa," akasema, "na nitamwambia leo hii. Mama yeyote akija hapa na mwanawe, tutamtoa mwana nje, wala hatubishani tena. Lakini kesho sina haja ya kukaa chumbani naye. Mwambie hivyo. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe, ni kazi yangu."

Chiriku alimaliza zamu yake yote. Nilimngoja nje ya geti, na bahasha ya dawa mapajani. Alipotoka alikaa pembeni yangu kwenye ukuta mfupi, akanilalia begani kama alipokuwa wa shule ya chekechea, akalia kweli kweli, na wapita njia wakatupisha kwa heshima wakidhani tumefiwa.

"Unabana mto mdomoni," akasema.

"Sibani tena."

"Nami nikakupigia makofi! Nikasema umeigiza vizuri!"

"Ulikuwa hujui, mwanangu."

"Halafu nani kakuambia nitaacha kazi nishone mito? Mimi hata uzi kwenye tundu la sindano siutii."

"Hilo ni kweli," nikasema. "Mto wako ule wa kwanza ulikuwa kama gunia la viazi." Akacheka na machozi yakiwa bado yanashuka. Tukakubaliana palepale: magunia ya sufi yatatoka nyumbani siku hiyo hiyo, na mimi nitashona foronya tupu, mtu ajaze mwenyewe kwao. Alitaka pia nilale chumba cha ndani. Nikasema tutaona. Akasema hatutaona, ni leo. Nikakubali, maana nilishasikia mchana ule anavyoweza kukataza.

Tulikwenda polepole, na kwenye ngazi nikapumzika bila kutafuta ufunguo. Fundi viatu alituona, akaweka nyundo chini.

"Enhe, Chiriku! Daktari kasemaje?"

Chiriku akasimama kama yuko mbele ya ubao. "Alisema kwamba mama alikuwa amechelewa, lakini hakuwa amechelewa sana. Alimkataza kugusa sufi kuanzia siku ile."

"Siku ile ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Na mama yako, yeye kasemaje?"

Mwanangu akavuta stuli ya wateja, akaifuta kwa kiganja, akanikalisha.

"Mwenyewe huyu hapa," akasema. "Muulize."

Fundi akavua miwani. Nikavuta pumzi mpaka pale inapofika, na nikaanzia kwenye zile mvua za mwaka jana.